Makadirio ya Zuleha

Seleman, rafiki yangu mwenye malori, aliponipigia simu kuniambia kwamba binti yake hana nafasi, nilikuwa nimesimama kando ya kichanja cha kahawa, nyumbani kwangu karibu na Mbozi Misheni, nikichambua punje mbovu. Nilimtaka arudie. Akarudia kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

"Yule kijana wa ofisi ya udahili amepima, Mwalimu. Anasema vile vyuo vitatu vya ng'ambo Zuleha asivisumbukie. Vinachukua wachache mno, na yeye hafiki. Aombe stashahada hapa karibu."

"Amepima kwa kipimo gani?"

"Sasa mimi nitajuaje? Si ndiyo kazi yake?"

Nilipokata simu nilikuwa na hakika kwamba kuna mtu anadanganya, na sikuhangaika kujiuliza ni nani.

Hakika hiyo ilikuwa na msingi. Miezi michache kabla, shule ya bweni ya wasichana aliyosoma Zuleha ilinialika kuwa mgeni rasmi katika mahafali ya kidato cha sita, kwa kuwa mimi ni mwenyekiti wa umoja wa watu waliosoma bweni katika mkoa wetu wa Songwe. Nilimkabidhi Zuleha zawadi ya kemia. Akaitwa tena kwa biolojia, akaitwa kwa fizikia, kisha kwa nidhamu, mpaka mshereheshaji akamwambia abaki jukwaani asije akamaliza soli za viatu. Katika mtihani wa majaribio wa mkoa alikuwa wa kwanza. Mkuu wa shule alilitangaza hilo kwenye kipaza sauti, kina mama wakapiga vigelegele, na baba yake, aliyeketi safu ya pili, akainamisha kichwa kana kwamba ametajwa katika kesi. Nilidhani ni haya ya mzazi.

Mimi nimesoma bweni, tena bweni la zamani, ambako kengele iliwatangulia majogoo na shuka ilikunjwa kwa pembe. Sioni aibu kujivunia jambo hilo. Miaka ile ilinipa jicho. Siku ya ukaguzi, kiranja mwenye akili hakuanza na kitanda kilichovurugika. Alianza na kile kilichotandikwa vizuri kupita kiasi, maana chini ya godoro hilo ndiko ulikofichwa mkate wa jikoni. Nimekuwa kiranja, nimekuwa mwalimu, nimekuwa mkuu wa shule, na jicho hilo nimelitumia kote.

Kwa hiyo nilipofika Tunduma kesho yake na kuiona ofisi ya Venance, yule kijana mshauri wa udahili, sikupendezwa nayo. Ilikuwa juu ya duka la vipuri vya malori, mahali ambapo kila kitu kina grisi, lakini humo ndani sakafu iling'aa, kalamu zilipangwa kwa rangi, na ukutani zilitundikwa picha za majengo ya mawe yenye minara. Kitanda kilichotandikwa vizuri kupita kiasi.

Kilichonitia shaka zaidi nilikikuta kwenye ngazi. Aziz alikuwa anashuka, akifuatwa na mwanawe Ikram. Aziz naye ni msafirishaji. Malori yake na ya Seleman hugombea mizigo ileile ya Kongo.

"Mwalimu!" akacheka. "Na wewe unaomba chuo? Huko hawataki wenye mvi."

"Nimekuja kuona wanamtaka nani."

"Wanamtaka Ikram! Kashapimwa. Nafasi anayo, tena nzuri sana. Huyu kijana kazi anaijua."

Ikram alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimfahamu: mpole, mwenye adabu, na mwenye alama ambazo mwalimu huzitaja kwa sauti ya chini. Nikapanda ngazi zilizobaki nikiwa nimeshaiunga hadithi nzima kichwani.

Venance alisimama kunipokea. Alikuwa kijana mwembamba, amefunga tai.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Mimi ni Mwalimu Ambakisye. Umemwambia Seleman kwamba binti yake hafiki. Nataka kujua uliambiwa nini hadi ukafikia hapo."

"Hilo siwezi kukuambia, Mwalimu. Mzazi akija hapa ananieleza mambo ya nyumbani kwake. Nikiyatoa kwa kila anayepanda ngazi, itabidi nifunge ofisi."

"Mimi si kila anayepanda ngazi."

"Ni kweli, mzee. Lakini umepanda."

Alilisema kwa heshima, jambo lililoniudhi zaidi. Nikamuuliza kama amemwona binti mwenyewe. Hakuwa amemwona. Nikamuuliza kama ameziona ripoti za shule. Aliziomba, hazijaletwa.

"Basi umepima hewa."

"Nimepima nilichoelezwa. Na nilimwambia mzazi kwamba hayo ni makadirio ya mwanzo tu."

Aliyasema hayo akitazama meza. Mtu wa bweni hajibu akitazama meza. Nikaaga bila kunywa maji aliyoniwekea.

Kutoka hapo nilikwenda nyumbani kwa Seleman. Seleman ni mtu wa Kondoa, aliyekuja Tunduma akiwa utingo, akazeeka akiwa na malori yake mwenyewe. Urafiki wetu ulianza siku alipobeba madawati ya umoja wetu mpaka Mbebe, njia ya milima na utelezi, akakataa hata kushukuriwa hadharani. Nilimheshimu tangu siku ile. Mtu anayefanya wema na kuuficha, nilijiambia, hawezi kuwa mwongo.

Mkewe, Mwanakombo, alituletea chai na vitumbua. Nilipoanza kueleza jinsi kijana yule alivyokwepa maswali yangu, aliguna.

"Na wewe Mwalimu, umemuuliza na huyu hapa alisema nini huko?"

"Mama Zuleha," Seleman akamkatiza, "maji ya chai yanachemka."

"Yachemke. Mwalimu, mume wangu huyu mgeni akimuuliza ana watoto wangapi anasema wawili. Tunao watano! Akiulizwa malori, anasema, 'Tunasukumasukuma tu, mashine zenyewe mbovu.' Siku ya harusi yetu aliwaambia watu wa Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka, eti kuna kisomo kidogo."

Tulicheka sote. Nilicheka na mimi, nikamega kitumbua cha pili.

Zuleha aliingia kuniamkia, akaketi pembeni kwenye mkeka. Nilimuuliza amejiandaa kwa lipi la kuwaonyesha watu wa vyuo, maana nilisikia wanataka zaidi ya alama. Akanieleza, kwanza kwa haya, kisha kwa moto, kuhusu mahindi. Alikuwa amezunguka kwenye maghala ya Mlowo wakati wa likizo akiwa na chupa kavu na chumvi kavu. Unatia punje ndani ya chupa pamoja na chumvi, unatikisa, unaacha itulie; chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi yana maji bado, na ukiyaweka stoo yataota ukungu wenye sumu. Njia yenyewe aliifundishwa shuleni na mwalimu wa kilimo. Lakini yeye aliwafundisha kina mama wanaonunua mazao barabarani, ghala kwa ghala, mpaka wakawa hawapokei gunia bila kutikisa chupa.

"Wanunuzi wakubwa walinifukuza mara mbili," alisema. "Mara ya tatu wakaniletea gunia lao niwapimie."

"Kuchezea chumvi," baba yake akasema, akitazama mlangoni.

Zuleha akanigeukia mimi.

"Baba Mwalimu, nikikosa kwa sababu wengine wamenizidi, nitakubali. Lakini aliyesema sifai hajaniona hata uso. Maombi yanafungwa mwisho wa mwezi huu, na mwakani sitaruhusiwa kuomba tena. Yakifungwa sijajaribu, hakuna atakayejua kama ningeweza. Hata mimi sitajua."

Nilimwahidi kwamba nitalishughulikia. Nililishughulikia vibaya.

Jumamosi ile umoja wetu ulikuwa na mkutano Mlowo. Ilipofika ajenda ya mengineyo, nilisimama. Sikumshtaki mtu. Niliuliza tu, kwa lugha ya adabu, kama wajumbe wanajua kwamba Tunduma kuna mshauri wa udahili anayemwambia binti bora wa mkoa asijaribu, huku mtoto wa msafirishaji anayeshindana na baba wa binti huyo, mwenye alama za kawaida, akiambiwa nafasi anayo. Niliuliza nani ananufaika binti huyo akiondolewa njiani. Nikaketi. Wajumbe walitazamana, na nilipoona wanatazamana nilijua kwamba swali langu litafika Tunduma kabla yangu.

Lilifika. Baada ya siku chache Venance alinipigia.

"Mwalimu, leo hakuna aliyepanda ngazi. Jana hakupanda mtu. Wazazi wawili wamekuja kuchukua karatasi za watoto wao, hawakutaka hata kuketi."

"Mtu safi haogopi maswali."

"Siogopi. Niulize mbele ya mwenye mali. Mlete Mzee Seleman, mlete na binti. Yeye akiniruhusu kusema alichoniambia, nitapima upya na wewe ukiwa umekaa hapo hapo. Kama nimekosea kwa makusudi, nitashusha kibao changu mwenyewe."

Nilikubali mara moja. Niliamini amejitia mtegoni. Seleman, nilipomweleza, hakukubali mara moja. Alisema ana lori limekwama foleni. Alisema Zuleha ana mafua. Nikamwambia kwamba mimi nimesimama mbele ya watu kwa ajili ya binti yake, na asipokuja nitakuwa nimesimama peke yangu. Hapo akakubali, kwa shingo upande.

Tuliketi wanne ofisini kwa Venance. Nje malori yalikuwa yameshikana mkia kuelekea mpakani, na madereva walikuwa wakirushiana maneno ya Kibemba na Kiswahili. Venance alimwomba Seleman ruhusa. Seleman akasema, "Sema tu, mimi sina siri," akafuta jasho.

"Basi mzee nikuulize tena kama siku ile. Binti darasani ni wa ngapi?"

"Ah, yupo yupo. Katikati huko."

Niligeuka kumtazama. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mtihani wa majaribio?"

"Alijitahidi. Hakufeli."

"Zawadi yoyote aliyowahi kupewa shuleni?"

"Watoto wote hupewapewa vitu, si ndiyo mahafali?"

"Seleman!" nikasema. "Zawadi nne nilimpa mimi! Kwa mikono hii!"

"Mwalimu, polepole, dirisha liko wazi."

Zuleha alikuwa amefumba macho. Venance hakuniangalia mimi; alimwangalia yeye, kisha baba yake, kisha akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyeumia.

"Mzee Seleman, ndivyo ulivyonieleza siku ile, neno kwa neno. Na mimi sasa ngoja niseme langu. Kila mzazi anayeketi kwenye kiti hicho anaongeza. Mtoto akiwa wa ishirini anasema wa tano. Akiwa alipiga tu kengele ya shule, anasema alikuwa kiranja mkuu. Kwa hiyo nikisikia chochote napunguza, kwa kawaida nusu. Wewe ukaniambia katikati. Nikapunguza."

"Ukapunguza?" Seleman akashtuka kwa dhati. "Wewe unapunguza? Kijana, kwa nini hukupandisha?"

"Nipandishe kwa nini?"

"Kwani hapa siyo Tunduma? Mimi nimekaa kwenye mpaka huu tangu sina ndevu. Unafika dirishani, pale forodhani, unataja thamani ya chini. Yule wa dirishani anajua umetaja chini, anapandisha. Mnakutana mahali. Ukitaja yote, atapandisha juu ya yote, halafu atakufungulia turubai na kukulaza wiki nzima, na kila mpita njia atajua umebeba nini! Mimi nilisubiri upandishe. Ukasema hafiki. Nikajua basi, ndiyo bei ya mwisho."

"Baba," Zuleha akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa. "Mimi si gunia."

"Sijasema wewe ni gunia, mama. Watu wana macho. Nilimtangazia nani humu mjini kaka yako alipochaguliwa kwenda sekondari ya vipaji? Kila mtu. Na alirudi lini? Muhula wa kwanza, mgonjwa, akapoteza mwaka. Sisemi ni watu. Sisemi. Ila tangu siku ile sitaji."

Mimi nilikuwa nimekaa kama niliyepigwa kofi. Nilikuwa nimekagua kitanda cha Venance, kalamu zake, tai yake, macho yake juu ya meza. Na rafiki yangu, niliyemega naye vitumbua, alikuwa ameniketisha juu ya godoro lenyewe.

"Na Ikram?" nikauliza, kwa kuwa bado lilikuwa limenikwama. "Aziz anasema amepata nafasi nzuri sana."

Venance akasita, akatafuta namna ya kusema bila kutoa siri ya mteja wake. "Mzee Aziz amesema nafasi. Alikuambia ni ya wapi?"

Hakuwa ameniambia; ni mimi niliyejaza kichwani kwamba ni kati ya vile vitatu.

Nikasimama. Nilimwambia Venance, mbele ya Seleman na binti yake, kwamba nilimshuku bila ushahidi na nikalisema jambo hilo mbele ya watu, na kwamba nitalisahihisha mbele ya watu walewale kwa sauti ileile. Akaitikia kwa kichwa. Hakunirahisishia, na alikuwa na haki.

"Sasa niulize mimi," Zuleha akamwambia.

Akamuuliza. Ripoti zilitoka kwenye mkoba wa mama yake, ambaye alikuwa amemkabidhi asubuhi ile bila kumwambia mumewe. Zuleha alieleza habari za chupa na chumvi, na Venance akamsumbua kwa maswali kuliko nilivyotegemea: ulijuaje kwamba waliendelea ulipoondoka? Nani alikupinga? Ulikosea wapi? Alikuwa amekosea, mara ya kwanza alitumia chumvi yenye unyevunyevu na kuwakatalia watu mahindi mazuri, akarudi kuwaomba radhi gunia kwa gunia. Venance aliweka kalamu chini.

"Sitakudanganya," akasema. "Vyuo hivi hukataa wengi kama wewe, kila mwaka, bila kueleza. Lakini siku ile nilisema hufiki. Unafika. Nafasi ipo. Omba vyote vitatu." Kisha akamgeukia baba. "Ila chuo kimoja kitataka kuzungumza na mzazi, kwa Kiswahili, kwenye kompyuta hii. Watakuuliza nilichokuuliza mimi. Ukiwaambia katikati, wataandika katikati. Hao hawapandishi."

Niliona Seleman anaitazama ile kompyuta kama anavyotazama kizuizi kipya barabarani.

Siku ya mazungumzo nilifika mapema. Zuleha alikuwapo, Venance alikuwapo, kompyuta imewashwa, na baba hayupo. Simu yake haikupokelewa. Nilisimama dirishani nikitafuta kofia yake kati ya malori, na shaka ikanirudia: amekimbia. Amevuka mpaka kununua tairi hadi saa ipite.

"Huenda simu yake imeshika mtandao wa Zambia," Venance akasema, "saa imerudi nyuma."

"Huenda," nikasema, nisiamini.

Zuleha hakungoja. Alishuka ngazi mbio, na aliporudi alikuwa amemshika baba yake mkono, kama mzazi aliyemkuta mtoto sokoni. Seleman alikuwa anahema. Simu yake kweli ilionyesha saa ya Zambia. Kama alilijua hilo au hakulijua, mpaka leo sijamuuliza.

"Funga dirisha," akamwambia Venance. Dirisha likafungwa. "Pazia." Pazia likavutwa. "Simu zote kwenye droo. Mwalimu, nakuomba, simama mlangoni, asipande mtu."

Nikasimama mlangoni. Mimi niliyemshuku kijana wa watu kwa sababu ya ofisi safi, nikaegemeza mgongo kwenye mlango uliofungwa.

Kwenye kioo alitokea mwanamke mwenye miwani, Kiswahili chake cha Mombasa. Alimsalimu, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akamwambia, "Mzee, nieleze kuhusu binti yako."

Seleman alilamba midomo. Alisogeza kiti mpaka uso wake ukakaribia kugusa kioo, akaanza kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya mwenzake. Alisema juu ya maghala ya Mlowo. Juu ya chumvi. Alijua kila ghala, alijua majina ya wanunuzi waliomfukuza, alijua lile kosa la chumvi yenye unyevunyevu na jinsi binti yake alivyolia usiku ule. Alijua yote. Zuleha alikuwa anamtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

"Na masomo?" mwanamke akauliza. "Katika mkoa wenu alikuwa wa ngapi?"

Seleman alitazama pazia.

"Wa pili," akasema. "Au wa tatu, hapo hapo."

Zuleha akakohoa.

Baba yake akafunga macho, kama mtu anayefungua turubai kwa mkono wake mwenyewe.

"Wa kwanza," akanong'ona. "Mkoa mzima. Wa kwanza."

Vyuo viwili vilimkataa, bila kueleza, kama Venance alivyosema. Kile kilichozungumza na baba kilimkubali, na ada yote kikaibeba chenyewe. Mimi nilisema niliyopaswa kusema Mlowo, nimesimama, na watu walianza kupanda zile ngazi tena, ingawa si wote.

Asubuhi ya safari tulikuwa mbele ya nyumba, sanduku liko mlangoni, Aziz akapita na kusimamisha gari.

"Binti anakwenda wapi na sanduku kubwa hivyo?"

"Kwenye kozi," Seleman akasema upesi. "Kakozi kafupi tu."

Aziz akanigeukia mimi, akijua mimi sisemi uongo. Nilifungua kinywa. Zuleha akanitangulia.

"Miaka minne, Baba Ikram," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. "Sayansi ya chakula. Nimechaguliwa."

Seleman alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akainama, akalibeba sanduku kichwani yeye mwenyewe, na kutembea nalo katikati ya barabara.